Hakuna Atokaye Kabla ya Pearl

Marehemu Pearl Paraskeva Stadnyk, wa ukoo wa Holowaty, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938. Cheti kinasema alizaliwa Kalyna, mkoani Saskatchewan, Kanada. Kweli ni kwamba alizaliwa njiani. Wazazi wake, Wasyl na Dokia, walikuwa wanakimbiza farasi kwenye theluji kumfuata mkunga, na mtoto akatoka kabla farasi hawajafika mtoni. Mama yake alipenda kusema, "Wenzake walizaliwa. Huyu alishuka."

Ndugu yake wa pekee, Metro, alizaliwa miaka mitano baadaye, naye hakuwa na haraka na jambo lolote. Pearl alimbeba mgongoni kwenda shule kwa sababu hakuweza kuvumilia mwendo wake.

Alisoma katika shule ya kijijini, ya chumba kimoja. Darasani hakukaa. Mwalimu alimpa kazi ya kuleta kuni ili achoke atulie. Akirudi, alirudi na kuni na habari za kijiji kizima. Mwaka 1956 alikwenda Saskatoon kusomea ualimu, kisha akarudi kufundisha katika chumba kile kile. Waliosoma kwake, na baadhi yao wapo hapa leo, walijifunza hesabu za kuzidisha wakiwa wanatembea kuzunguka uwanja, hata wakati wa baridi.

Tarehe 22 Julai 1961 alifunga ndoa na Orest Stadnyk, aliyesimamia ghala la ngano la kando ya reli. Orest alikuwa mtu wa maneno machache. Aliulizwa anaishije na mke asiyekaa, akajibu, "Nilioa upepo, nikajenga ukuta." Walijaliwa watoto wawili, Lesia na Danylo.

Mwaka 1975 watu wa Kalyna walimchagua kuwa mjumbe wao katika Bunge la Mkoa. Huko Regina, makao makuu ya mkoa, alijulikana kwa kusimama. Alisimama kuuliza, alisimama kupinga, alisimama hata wenzake wakisema. Siku moja Spika alimuuliza, "Mheshimiwa, kiti chako kina miiba?" Akajibu, "Kina wapiga kura, Bwana Spika." Katika kusimama huko ndiko Kalyna ilikopata hospitali yake ndogo, iliyofunguliwa mwaka 1979. Kokoto zote za msingi zilisombwa na Metro kwa lori lake. Mke wa Metro, Adeline, alikuwa mpishi wa hospitali hiyo tangu siku ya kwanza. Kwa familia hii, jengo lile lilikuwa kama mtoto wa tatu wa Pearl, na Metro ndiye baba yake wa ubatizo.

Tarehe 6 Juni 1994 marehemu aliapishwa kuwa Luteni Gavana, yaani mwakilishi wa Malkia katika mkoa. Kapteni mstaafu aliyekuwa msaidizi wake alimfundisha desturi.

"Mheshimiwa, sasa huna chama. Ukiletewa sheria iliyopitishwa na Bunge, unainamisha kichwa, nayo inakuwa sheria."

"Na nisipoipenda?"

"Unainamisha kichwa."

"Haya. Lingine?"

"Katika shughuli yoyote, hakuna atokaye kabla yako."

Hilo la mwisho hakulisikia vizuri. Oktoba ile alikuja Kalyna kwenye chakula cha mavuno, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na baada ya bata mzinga na pirogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha, aliingia jikoni kuosha masufuria kama kila mwaka. Ukumbini watu walikaa na makoti magotini, wakingoja. Hakuna aliyethubutu kuinuka. Mwishowe Metro akapaza sauti kupitia dirisha la jikoni: "Dada, ondoka basi. Ng'ombe wa watu watapasuka viwele." Tangu siku hiyo alijua la kufanya. Alitoka kwa mlango wa mbele, watu wote wakiwa wamesimama, akaingia ndani ya gari, akazunguka kanisa, akarudi kwa mlango wa jikoni kumaliza vyombo.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha hospitali ndogo na kuzifunga nyingine, na ya Kalyna ilikuwa mojawapo ya za kufungwa. Wiki ile marehemu alizunguka ziwa la Regina kwa miguu mpaka dereva wake akaomba baiskeli. Siku ilipofika aliingia, akasimama mbele ya kiti cha enzi, sheria ikasomwa, akainamisha kichwa. Kisha akarudi nyumbani na hakusema neno lolote juu yake, kwa kuwa hakuruhusiwa.

Oktoba iliyofuata alikuja kwenye chakula cha mavuno. Kabla hata supu haijaisha, Metro alivaa kofia yake akasimama.

"Metro," jirani akamnong'oneza, "Mheshimiwa bado anakula."

"Na ale."

Akafika mezani kwa dada yake. "Shingo yako ilijua kuinama tu? Kutikisika haikufundishwa?"

Akatoka kabla yake, mbele ya kijiji kizima, akaacha mlango wazi na baridi ikaingia. Marehemu alibaki ameshika kijiko. Baada ya hapo ndugu hawa hawakusemezana tena. Alipomaliza utumishi wake mwaka 2000 alirudi Kalyna, akawa anatembea barabara zote za mashamba kila siku, mvua au theluji. Kila siku alipita mbele ya lango la Metro, na kila siku Metro alikuwa na ng'ombe wa kutazama. Orest alipofariki mwaka 2003, Metro alileta sufuria ya majani ya kabichi yaliyofungiwa wali, akaiweka kibarazani, akaondoka bila kubisha.

Tarehe 19 Agosti 2010 marehemu alipatwa na kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia na kikamnyang'anya maneno. Kwa mtu kama yeye ilikuwa kama kufungiwa ghalani. Aliuguzwa katika hospitali ya mji wa Yorkton, na wauguzi walijua alichotaka: kusogezwa. Asubuhi dirishani, mchana mlangoni, jioni dirishani tena. Alijibu kwa kichwa, ndiyo au hapana.

Wiki ya mwisho ya Oktoba Metro alikuja. Lesia alikuwepo, na ndiye aliyesimulia.

"Nimeleta pirogi," Metro akasema. "Najua hutaweza kuzila. Nitazila mimi."

Akakaa, akazila zote. Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Pearl. Siku ile, ungeweza kukataa?"

 Marehemu akatikisa kichwa, polepole, kushoto na kulia. Hapana.

Metro akaishika kofia yake, akaigeuza, akaigeuza tena. "Miaka yote hii nilitaka kuiona shingo hiyo ikienda upande huo," akasema. "Leo imekwenda, na ni kuniambia haikuweza." Akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Marehemu akamwekea mkono wa kushoto kichwani, kama zamani alipokuwa akimbeba.

Lesia alipomkumbusha Metro kwamba giza linaingia na ng'ombe wanangoja, marehemu mwenyewe alinyoosha kidole mlangoni, yaani nenda. Metro akakataa.

"Hakuna atokaye kabla ya Mheshimiwa," alisema. "Ni desturi. Muulizeni Kapteni."

Ng'ombe walikamwa na jirani. Metro alilala kitini, akamsogeza dirishani na mlangoni kila alipotaka, mpaka asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2010, Pearl alipotoka. Wauguzi wanasema Metro alisimama kwanza, ndipo akavaa kofia.

Marehemu ameacha watoto wake Lesia na Danylo, wajukuu wanne, ndugu yake Metro na shemeji yake Adeline, na barabara nyingi zinazojua viatu vyake.

Leo pia Pearl ametoka wa kwanza, kwa mlango wa mbele, nasi sote tumesimama. Tukitoka makaburini kuna chakula ukumbini, chini ya kanisa, na Metro ameomba mlango wa jikoni usifungwe.

Pearl apumzike, kama atakubali kukaa. Na iwe kwa amani.