Dada Aliyekwenda Shule na Visu

(Wasifu wa marehemu, unasomwa na shangazi yake)

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1979, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkewe. Kaka yake alimtangulia kwa miaka mitatu.

Kaka alianza kuugua akili akiwa na miaka kumi na mitatu. Siku nyingine alitulia kama maji ya mtungini, siku nyingine alivunja milango. Aliwahi kumbamiza mdogo wake ukutani hadi meno mawili yakang'oka. Jioni yake alikuwa chini ya kitanda akiyatafuta, huku analia.

Kila asubuhi mama yao alifunga visu vyote vya nyumbani kwenye kitambaa, akamtilia binti mkobani ili kaka asivione. Darasa la tano mwalimu akavikuta: visu vitatu na mkasi.

"Unataka kumuua nani wewe?"

Alichapwa viboko kumi na viwili, hakufungua mdomo. Ya nyumbani hayatoki nje. Tangu hapo wenzake wakamwita Kisu, naye akaitika.

Mwaka 1998 alianza kuuza nyama buchani, kazi aliyoifanya miaka ishirini na mitano. Vitunguu vya nyumbani alivikatia huko huko, akavibeba kwenye kopo. Wateja walimtania kwamba mchuzi wake huanza kunukia njiani.

Mwaka 2004 fundi baiskeli alimposa. "Nikija, naja na kaka," akamwambia. Fundi akajibu, "Njooni wote. Ila sahani tununue za bati." Wakajaliwa mabinti wawili.

Marehemu hakuugua. Mtaani inasemwa ameuawa na kaka yake. Ni uongo, na wengi mlioko hapa mnajua. Jumamosi, tarehe 4 Machi 2023, kaka alipindua meza ya nyanya sokoni. Mtu akapiga kelele za mwizi, watu wakaanza kumrushia mawe. Marehemu akatoka mbio buchani na aproni yake, akamlalia kaka juu, na mawe yakaendelea. Moja likampasua kichwa. Alifariki hospitalini Jumatatu, saa nne asubuhi. Maneno yake ya mwisho kwa mumewe yalikuwa, "Msimfunge kamba."

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, na kaka, huyu aliyekaa mbele na nyuzi kumi na nne kichwani. Yeye atatia udongo wa kwanza. Waliorusha mawe nao wapite watie, kwa mikono ile ile.

Tangu Jumatatu visu vya nyumbani anavibeba binti mkubwa.

Kisu, pumzika kwa amani. Kaka hajafungwa.