Kofia ya Taa Tatu

Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka mwanamume mmoja aliporukia ndani, akaketi kando ya fundi redio. Macho yake yakatua kwenye kofia aliyoipakata fundi.

“Samahani dada, hizo taa tatu za nini?”

“Za baba. Ameendesha lori maisha yake yote. Sasa miguu imegoma, anaendesha la mchezo wa kwenye kompyuta. Akigeuza kichwa, kamera ya kompyuta inafuata taa, picha inageuka, naye anaona kioo cha pembeni.”

“Mimi nauza kofia kama hizo, za dukani. Hiyo itamchezeshea picha mpaka alitapikie lori!”

Fundi akacheka, akaziwasha taa. “Yangu programu ya kufuata taa ni ya bure, kaka, na nyaya nimechomelea mwenyewe.”

“Na taa ya kushoto imekufa.”

Kicheko kikamkauka. Bila taa hiyo baba asingeona kioo cha kushoto, naye alikuwa amemwahidi atakiona leo hii. Akatoa tochi ndogo anayomulikia ndani ya redio za watu, akaivunja, akanyofoa taa yake. Muuzaji akashika kofia bila kuombwa, fundi akisokota nyaya na kuzifunga utepe.

“Kesho utafanya kazi na nini?”

“Nitapapasa.”

Basi likasimama. “Bado ya dukani ni bora,” alisema muuzaji, akimpisha.

“Labda,” alijibu fundi, akaivaa kofia na kushuka, taa zote tatu zikiwaka.