Kumuaga Bi Golnar, Aliyetuuliza Kabla ya Kutuonyesha

Leo ni Jumamosi, tarehe nane Novemba, mwaka 2025, na mimi nina miaka arobaini na sita tangu nitoke Bukoba.

Mheshimiwa Diwani wa Manispaa yetu ya Botkyrka, hapa Uswidi. Mwenyekiti wa Umoja wetu, Bi Wanjira. Padre, na Sheikh Khamis. Ndugu wageni waalikwa kutoka Rinkeby na Södertälje. Mdogo wangu Evodius, unayetusikiliza kwa simu ukiwa nyumbani Bukoba. Nanyi watoto wetu, mtakaosikiliza kwa Kiswahili na kunong'ona kwa Kiswidi: nawasalimu nyote. Nawe Bi Golnar Pakzad, tunayekuaga leo unapostaafu kazi ya filamu, nakusalimu mara mbili, kwa sababu anayekutafsiria hapo ubavuni ni binti yangu Adelina, na ana tabia ya kufupisha.

Nimeombwa nieleze kazi ya mama huyu. Nimechoka kidogo, na ngazi za jukwaa hili si za umri wangu, kwa hiyo nitaeleza ninavyokumbuka. Alizaliwa Ahvaz, Iran. Alifika hapa wakati wa vita vya kwao, akasafisha ofisi za mjini alfajiri kwa miaka kadhaa, na jioni akajifunza utengenezaji wa filamu. Filamu yake ya kwanza ilihusu wanawake aliosafisha nao. Ya pili ilihusu wazee wa Rinkeby wanaocheza karata huku wakigombania nchi ambazo zilishabadilisha hata majina. Ya tatu ilikuwa yetu. Ni mara ngapi aliomba fedha za kazi yake akajibiwa kwamba watu wa namna yetu wameshaonyeshwa vya kutosha? Kuonyeshwa tumeonyeshwa, ni kweli. Je, tuliulizwa?

Alipokuja hapa mtaani kwetu Alby mara ya kwanza, sisi kamera tuliijua kwa harusi na misiba tu. Marehemu mke wangu Dativa alificha masufuria, akatandika vitambaa vyeupe kwenye makochi, akatuvalisha nguo za Jumapili. Bethuel, jirani yetu Mkenya, alishuka kutoka ghorofa ya sita na suti na tai. Kamera ilipowashwa, tukajipanga mstari bila kuambiwa. Bethuel akasogea mbele.

"Mimi ni Bethuel. Namsalimu mama huko Murang'a, na wote wanaonifahamu. Mimi ni mzima. Kazi iko, baridi iko, Mungu yuko."

Akafuata mwingine, na mwingine, tukasalimu mpaka mkanda ukaisha. Bi Golnar hakujua neno la Kiswahili. Akaweka mkanda mpya, akamwomba Dativa kwa upole, kwa Kiswidi, aendelee na mapishi yake kama vile yeye hayupo.

Dativa akanigeukia. "Anasema nini huyu? Mgeni yupo sebuleni kwangu, nijifanye hayupo? Kalelewa na nani?"

Nikatafsiri yote, sikupunguza. Bi Golnar akacheka mpaka akaketi sakafuni. Akasema mama yake angemgombeza hivyohivyo, na kwa sauti hiyohiyo. Akazima kamera, akala ndizi na samaki. Tangu siku hiyo, katika kila nyumba aliyoingia, alikula kwanza, na kamera ikakaa mlangoni pamoja na viatu.

Zile salamu hakuzitupa. Alizifanya filamu. Ilipoonyeshwa mjini, watazamaji walicheka Bethuel alipokaza tai yake. Kisha salamu zikaendelea, mtu baada ya mtu, jina la mama baada ya jina la mama, na kicheko kikaisha chenyewe.

Lakini kabla ya siku ile alirudi nyumba kwa nyumba, akamwonyesha kila mmoja kipande chake, akauliza: "Hiki kibaki, au nikitoe?" Bi Wanjugu, mmoja wa majirani zetu, alisema kitoke. Bi Golnar aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kupata kipande kizuri kama kile. Alikitoa, na mpaka leo hakuna aliyekiona. Mnawajua wasanii wangapi wanaoweza kuficha kazi yao bora kwa sababu mama mmoja wa Alby alitikisa kichwa?

Sasa tuko kwenye filamu yake ya mwisho. Mwaka jana alituzungukia tena na swali moja: unarudi lini nyumbani? Bethuel alijibu kama kawaida yake.

"Mwakani."

Nikamwambia, "Bethuel, hiyo mwakani yako imeota mvi."

"Na wewe je, mzee wa Bukoba?"

Kamera ikanigeukia, nikajibu. Mnajua kwamba Dativa tulimpeleka kumzika nyumbani, na kwamba kando yake Evodius ananitunzia nafasi yangu ya kuzikwa. Jibu langu linahusu nafasi hiyo. Bi Golnar ameleta hapa nakala mbili za filamu hiyo: moja ina jibu langu, nyingine haina. Amesema nichague mimi ipi ionyeshwe, naye atasubiri mpaka nishuke jukwaani. Nilimuuliza yeye mwenyewe anarudi lini Ahvaz. Akasema, "Mzee, mimi nashika kamera. Siulizwi."

Nilipompeleka Dativa nilipokewa vizuri mno. Nililetewa chai kwa kikombe cha wageni, kile chenye kisahani. Nikainuka nisogeze kiti changu, mke wa mpwa wangu akakikimbilia: "Mgeni, tulia, utachoka." Hakukosea. Matanga yote nilihudumiwa, sikuachiwa hata kukata mkungu wa ndizi. Evodius, mdogo wangu, hamkunikosea lolote. Ila nilikuwa nikilala nawaza: ningekuwa wa pale, mngenituma. Jana hapa Alby Adelina alinituma maziwa, akanigombeza kwamba nimeleta siyo yenyewe.

Bi Golnar, kwa niaba ya wote uliokula kwao kabla ya kuwapiga picha, tunakushukuru. Umetubeba vya kutosha, pumzika. Fundi wa mitambo, weka filamu yenye jibu langu. Evodius, nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwenye filamu. Pale kando ya Dativa, pandeni migomba.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Mimi sitarudi.