Hewa ya Profesa Wavu

Asubuhi ile Melbourne ilikuwa imeshabadili nia mara kadhaa, jua, manyunyu, jua tena, lakini benchi la mbele ya kibanda cha kahawa, nyuma ya jengo la uhandisi, lilikuwa na watu wake. Katikati alikaa Profesa Trevorrow, aliyeumaliza ujana wake akiikata hewa vijumba vidogo vidogo, kama matundu ya wavu, kwenye kompyuta ili ajue inavyopita juu ya bawa la ndege. Ndiyo maana wakamwita Wavu. Kushoto, Stavros, yaani Kimbunga, mwenye handaki la upepo ambamo hupulizia mabawa ya mfano kwa feni. Kulia, Linh, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Wavu, sasa mhadhiri, jina la kijiweni Desimali. Wavu anastaafu Ijumaa. Leo saa tano kikao cha idara kinaamua kama programu yake ya kukokotoa hewa hiyo, kazi ya maisha yake, itabaki au itafutwa. Na programu yenyewe, ikipewa bawa la ndege ya kuzima moto wa nyika, imetoa upuuzi mtupu.

— Upuuzi gani? — Kimbunga aliuliza.

— Eti hewa ya kwenye ncha ya bawa ina baridi kupita baridi yoyote inayowezekana.

— Hiyo Julai tu, mzee. Vaa koti.

— Cheka. Feni yako ikigoma si unaipiga teke?

— Na inawaka! Wewe yako unaipiga nini?

— Vijumba ni vikubwa, — Desimali akaingilia. — Tuvikate tena.

— Dada, — Wavu akapinga, — tukizidi kukata, vijumba vitakuwa vingi kuliko hewa.

— Basi ni kasuku, — Kimbunga akatoa hukumu. — Wale weupe wenye kishungi. Wametafuna waya, namba zinavuja.

— Namba hazivuji, Kimbunga.

— Mimi naona hewa imechoka, — alisema Desimali. — Inahesabiwa miaka yote hii, hakuna aliyeiomba ruhusa. Imegoma.

— Ikajiunge na chama cha wafanyakazi! — Wavu alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Aliwajua wanakikao: wangemsifu, wangemkatia keki, kisha wangeifuta programu yake.

Hapo akatokea Dokta Weerasinghe, mhadhiri mgeni atakayerithi ofisi ya Wavu. Kikao kilikuwa kinasubiri neno lake.

— Samahani, Profesa. Kuna namba moja umeiweka pale hewa inapogusa bawa. Nikiitoa, ile baridi inakwisha. Uliipata wapi?

— Hiyo usiiguse! Niliirekebisha mpaka majibu yakalingana na handaki la Kimbunga.

Kimbunga alipaliwa na kahawa.

— Wavu, ndugu yangu… handaki langu lilikuwa linasoma ovyo. Nililirekebisha mpaka likalingana na programu yako.

Desimali alijishika kichwa.

— Na mimi nikapewa udaktari kwa kuthibitisha kwamba mnalingana.

— Sasa ndege yenyewe, — mgeni aliuliza taratibu, — kuna aliyewahi kuipima ikiwa angani?

— Hakuna, — alikiri Desimali. — Tumekuwa tukipimana sisi kwa sisi.

— Basi nitakiambia kikao programu isifutwe, — alisema Dokta.

— Isifutwe? Baada ya haya?

— Utafutaje kazi ambayo haijaanza, Profesa?

Wavu alitafuta hasira akaikosa. Akamsukuma Kimbunga kwa kiwiko.

— Sogea huko, mpe Dokta nafasi.