Jina la Tisa: Risala ya Kinamama wa Milango Miwili

Mgeni rasmi, mwimbaji wetu Eunan Garrity, mzaliwa wa Mtaa wa Cloonan. Padri Cathal na Mchungaji Desmond, mliokubali kukaa benchi moja kwa kuwa ndilo pekee lenye miguu minne mizima. Majirani wa mlango huu na wa mlango ule:

KARIBU NYUMBANI

Sisi kinamama tuliofanya kazi katika kiwanda hiki cha kitani tunashukuru kukuona umeketi tena katika ukumbi ambamo tulikuwa tukila chakula chetu cha mchana. Ulipovalishwa nishani ya amani huko ng'ambo tulikuona kwenye televisheni. Mama Sadie Quigg alilia, kisha akafuta macho akasema umekonda, huko hawajui kupika.

Mikate ya soda, ile isiyotiwa hamira, iliyo mbele yako imetoka milango yote miwili. Usiulize upi ni wa nani. Tumeichanganya makusudi, maana mgeni wa mwaka juzi alisifu mmoja tukanuniana mpaka Pasaka.

Risala hii tumeiandika mezani kwa Alhamisi tatu. Mimi, Nuala Devenny, nimepewa kuisoma kwa sababu wanasema sauti yangu haitetemeki upesi. Tutaona.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tuliacha shule mapema tukaja hapa kusokota nyuzi. Tulisimama peku kwenye maji ya moto kutwa nzima, na mashine zilipiga kelele hata tukajifunza kusomana midomo. Anayesali kwa padri na anayesali kwa mchungaji walisimama mashine moja, wakaimba wimbo mmoja bila kuusikia.

Ikaja miaka ya mabomu. Ukuta ukajengwa kati ya Mtaa wa Cloonan na Mtaa wa Prospect. Ulipofika kiwandani wajenzi wakaacha kujenga, kwa kuwa jengo lenyewe lilitosha kuwa ukuta. Ndiyo maana ukumbi huu una mlango mmoja upande wetu wa Cloonan na mmoja upande wao wa Prospect. Amani ilipotiwa saini, Mama Hazel Purdy alikuja na ufunguo wa mlango wa Prospect, nami nikaja na wa Cloonan. Tukakuta buibui wengi na birika letu la chai pale pale tulipoliacha.

Tukarudisha Alhamisi za kuimba, na sheria zake za tangu zamani. Anayemaliza kuimba ndiye anayemwita wa kumfuata. Aliyeitwa hakatai. Na mpaka aimbe, hakuna mwingine anayefungua kinywa, hata angekuwa na sauti ya malaika.

TULIYOJALIWA

Tulifika kinamama arobaini. Vijana wa kiangazi, wale wa kurushiana mawe juu ya ukuta mwezi wa saba, walianza kuja kukaa ngazini kutusikiliza, kwanza kwa kutucheka.

Kisha ukaja wewe na gita lako, ukasema unatunga wimbo wa waliokufa mtaani, ili watu wachoke kuuana. Wimbo huo umeimbwa mbele ya marais. Kila aliyekufa ana mstari wake na kitu alichokuwa amebeba siku hiyo: Rose na kapu la nguo, Packie na pampu ya baiskeli, mzee Hegarty na miwani ya mkewe aliyotoka kuitengeneza. Majina manane. Kiangazi ulichoutoa wimbo huo, hakuna jiwe lililoruka ukuta huu, na polisi walikaa ndani ya gari lao wakila aiskrimu. Hilo tumeliona kwa macho yetu na tunakushukuru kwa moyo wote.

YANAYOTUSUMBUA

Paa linavuja juu ya piano. Geti la ukuta, kule barabarani, bado linafungwa saa moja jioni, na anayechelewa huzunguka maili mbili kufika nyumba anayoiona kwa macho. Na sasa hatuko arobaini. Tuko kumi na mmoja.

Mgeni rasmi, Alhamisi ya kwanza tuliandika hapa kwamba uzee na baridi ndivyo vilivyotupunguza. Alhamisi ya pili tukaufuta mstari huo, kwa kuwa si kweli. Tumepungua kwa sababu ukumbi huu haujasikia wimbo kwa miaka sita. Tunakuja, tunafuma, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani.

Pengine unaikumbuka siku ile ulipouimba wimbo wako hapa kwa mara ya kwanza. Watu walijaa mpaka milangoni. Ulipomaliza wito ukawa wako, nawe kwa heshima ukamwita mama mkubwa kuliko wote wa mlango wa pili, Mama Hazel. Alisimama, akashika kiti kilichokuwa mbele yake. Akasema, "Mwanangu naye alikuwa amebeba mkate." Kisha akaketi.

Wewe ulidhani anaona haya. Ulimwambia kwa upole, "Siku nyingine, mama," ukafunga gita ukawahi meli. Huna lawama. Hukujua. Lakini wito ulibaki kwake, na sheria ni sheria. Tangu siku hiyo hakuna aliyeimba.

Sasa tuseme yaliyotuchukua Alhamisi ya tatu nzima. Alwyn Purdy, mwana wa Mama Hazel, aliendesha gari la mkate, akiuza mitaa yote miwili. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, nawe ulikuwa hujazaliwa. Alipigwa risasi kwenye Mtaa wa Cloonan, mlangoni pa nyumba namba kumi na nne, na waliompiga walikuwa watu wa upande wetu. Mkate aliobeba ulikuwa wa nyumba hiyo. Nyumba hiyo ni yangu.

Ulipokuja kukusanya majina uliketi jikoni kwangu. Tulikuwa watano, wote wa Cloonan. Tukakuandikia majina nyuma ya mfuko wa sukari. Ulikunywa chai, ukayasoma, ukatuuliza, "Ndio hawa wote?" Tukatazamana. Tukakwambia ndio hawa wote.

Hatukumsahau. Kulitaja jina lake kungetulazimu kusema nani alimuua, na mmoja wa waliofanya hivyo alikuwa bado anakuja kwetu kuomba maji ya moto ya chai, kama jirani yeyote. Basi dunia nzima inaimba wanane, na kila redio inapouimba, Mama Hazel huhesabu mpaka nane. Na kila Alhamisi amekuja, miaka sita, na mkate chini ya kitambaa. Hajatuuliza lolote. Ingekuwa rahisi kwetu kama angetuuliza.

TUNACHOOMBA

La paa na la geti tumewaandikia wanaohusika, nao wamejibu kwamba wamepokea. Kwako tuna ombi moja tu. Ratiba inasema baada ya risala hii utaimba. Tunakuomba usiimbe kwanza.

Alhamisi iliyopita tulimpa Mama Hazel karatasi hizi azisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulimwomba msamaha, watano waliokuwa jikoni siku ile, ingawa wawili wetu ni marehemu na ilibidi tuwasemee. Alivaa miwani, akasoma polepole mpaka mwisho. Tulidhani ataondoka. Akasema, "Mmeandika mkate tu. Alikuwa anapiga mluzi pia. Andikeni."

Tumeandika. Nami naongeza, kwa kuwa nilikuwa nyuma ya mlango ule: ni kweli. Niliusikia mluzi ukija, nikachukua kikombe cha sarafu nikamlipe. Kisha sikuusikia tena.

Tulimuuliza Mama Hazel kama leo ataujibu wito. Alikuwa anapaka siagi, akaendelea kupaka. Akasema ataimba, ila mwimbaji awe amekaa, na gita liwe ndani ya mfuko wake, kwa kuwa yeye ana miaka themanini na mmoja na hataki kuharakishwa na mtu.

Akimaliza, wito utakuwa wake na atamwita anayemtaka. Hatujamuuliza ni nani. Akikuita wewe, unaijua sheria. Na ukiimba wimbo wako, mgeni rasmi, tunakuomba usiishie kwa wanane. Mara hii mfuko wa sukari tumeuandika sawasawa. Uko chini ya sahani yako.

Mungu akulinde barabarani na baharini, akuachie sauti yako mpaka uzeeni, awape pumziko waliotoka kwa milango yote miwili wasirudi.

Ni sisi, Kinamama wa Milango Miwili, Kiwanda cha Kitani, mitaa ya Cloonan na Prospect.

Mama Hazel, nimemaliza. Simama, dada yangu. Tunakusikiliza.