Ndeke ya Telekomande

Kijiwe cha Adeline kiko Mudzipela, pale njia ya udongo inapokunja kuelekea uwanja wa ndege: benchi moja refu la mbao, jiko la makaa, na sufuria ya kahawa ya tangawizi. Wanaokaa hapo kila siku ni watatu. Blanchard anaendesha pikipiki ya abiria. Wanamwita Aéroport, kwa sababu anabeba watu wanaoshuka kwenye ndege na kwa hiyo anajihesabu mtu wa angani. Eugène anatengeneza redio. Huyo ni Ingénieur. Mzee Dominique wanamwita Fréquence, maana masikio yake yanashika yanachotaka tu. Mchana ule Adeline, ambaye kwa kawaida humimina kahawa bila kusema neno, alikuwa ameweka simu yake katikati ya benchi. Mdogo wake Fabrice alikuwa Kampala, ndani ya duka la vitu vya watoto, na alikuwa ametuma picha za ndege tatu za kuchezea. Alitaka jibu kabla ya kupanda basi.

Adeline aliwaambia tu kwamba ni zawadi ya watoto wake, Plamedie wa miaka sita na Prince wa miaka minne. Tangu walipokimbia vita kijijini kwao Fataki, chochote kilichonguruma juu kiliwatuma watoto wale chini ya kitanda, na Mudzipela ndege hupita kila siku. Plamedie humziba Prince masikio kwa mikono yake miwili. Ya kwake mwenyewe huyaacha wazi. Adeline alikuwa amewaza kwamba mtoto akiishika ndege mkononi, akaituma mwenyewe, labda kitanda kitabaki cha kulalia. Neno hilo lilikuwa kubwa mno kulisema mbele ya wanaume wenye vikopo mkononi.

— Chukua ile nyekundu, alisema Aéroport. Iko na mabawa marefu. Upepo ya hapa si ya kucheza nayo. Ndeke kadogo itafika Ouganda bila pasiporo.

— Weye unajua upepo tangu lini? aliuliza Ingénieur. Weye unajua vumbi.

— Kila siku ninabeba watu wanatoka ku ndeke.

— Unabeba valizi zao. Ndeke yenyewe unaionea nyuma ya ukuta.

Fréquence aliinua uso kutoka kwenye kikopo chake.

— Ndeke hiyo inaenda wapi?

— Haiende fasi yoyote, Muzee, alisema Ingénieur. Ni ya watoto. Ndeke ya telekomande.

— Ya Komanda?

— Telekomande.

— Komanda nimekaa miaka. Hakuna fasi ya kushusha ndeke. Pale njia panda kuko malori na wamama wa ndizi tu. Itashukia ku kichwa ya nani?

— Wakisafisha barabara, itashuka, alisema Aéroport, aliyeona hapa nafasi ya kuonyesha ujuzi wake. Ndeke ndogo haiombe fasi mingi.

— Na malori?

— Malori itangoja. Ndeke haina klaksoni, lakini iko na heshima.

Adeline alificha kicheko ndani ya kitenge chake. Ingénieur aliweka kikopo chini, akanyoosha vidole kama mwalimu.

— Muzee, sikia. Tele ni mbali. Komande ni kuamuru. Mutoto anasimama chini, ndeke iko kule juu, yeye anaiamuru kutoka mbali.

— Mutoto njo anaamuru?

— Ndiyo, njo yeye.

— Na ndeke inamutii?

— Inamutii.

Fréquence alizungusha kikopo mkononi.

— Miye, tangu nikiwa kijana, ndeke njo ziliniamuru. Ikipita, ninalala ndani ya mihogo.

Adeline alimjazia kahawa mpaka juu bila kuombwa.

— Kama ni kuamuru, alisema Ingénieur, achukue ile ya kijivu. Iko mbio, iko na taa, iko na vifungo mingi. Watoto wa leo wanajua simu kushinda siye. Plamedie akiizoea ile, ameshakuwa pilote. Shule ya pilote yenyewe itakuja kumutafuta hapa Mudzipela.

— Akiisha kuwa pilote, anafungua kampuni, alisema Aéroport. Miye nitakuwa mukubwa wa usafiri.

— Miye nitasimamisha antena hapa juu ya jiko. Abiria wanangojea wakikunywa kahawa ya mama Plamedie.

— Na miye nitakata tiketi, alisema Fréquence.

— Weye ukikata tiketi, Muzee, watu yote watafika Komanda.

Adeline alielekeza kidole kwenye picha ya tatu. Ilikuwa ndege nyeupe, ya sponji ngumu nyepesi, na telekomande yake ilikuwa na vifungo viwili tu, vikubwa, vya kidole cha mtoto.

— Na hii?

— Hii si ndeke, mama Plamedie, alisema Aéroport. Hii ni ile kitu wanaweka ndani ya karton ya televizyo.

— Ikigonga ukuta itacheka tu, alisema Ingénieur. Mutoto atajifunza nini?

Adeline aliona kwamba kitu kinachogonga ukuta na kucheka hakiwezi kumuumiza Prince. Lakini aliondoa kidole chake, akachochea makaa.

Shule ilikuwa imetoka. Plamedie alitokea kwenye kona akimshika Prince mkono, shati jeupe, sketi ya buluu, soksi moja imeshuka. Wanaume wote watatu walianza kumweleza kwa pamoja: mabawa, upepo, taa, kampuni. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mwalimu. Kisha akatazama zile picha, moja baada ya nyingine.

— Inalia namna gani?

Aéroport alimtazama Ingénieur. Ingénieur alimtazama Fréquence, na hapo ndipo akakumbuka kwamba huyo si mtu wa kuulizwa habari za sauti.

— Inalia kama ndeke, alisema Aéroport.

Prince akajisogeza nyuma ya dada yake. Aéroport akashusha macho.

Simu ikalia juu ya benchi.

— Yaya, basi inajaa, Fabrice akamwambia dada yake. Ni ipi?

Wanaume waliinamia simu, kila mmoja na rangi yake mdomoni. Adeline aliichukua akasimama wima, na sauti iliyotoka kwake hawakuwa wameisikia tangu benchi lile lipigiliwe misumari.

— Ziwashe zote. Moja moja. Tunataka kuzisikia.

— Hapa dukani?

— Hapo dukani, Fabrice.

Nyekundu ilianza. Ilinguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo, na mikono ya Plamedie ikaenda kwenye masikio ya Prince.

— Zima.

Ya kijivu ilipiga yowe. Prince alikuwa tayari chini ya benchi, katikati ya miguu ya Fréquence.

— Zima hiyo pia.

Ya tatu ilipowashwa, walidhani kwanza haikuwaka. Kisha wakaisikia: sauti nyembamba, ya mfululizo, kama cherehani ya jirani anayeshona mchana dirisha likiwa wazi. Mikono ya Plamedie, iliyokuwa imeinuka, ilibaki hewani, kisha ikashuka yenyewe. Kichwa cha Prince kikachomoza kutoka chini ya benchi.

— Hii inaongea polepole, alisema Prince.

— Njo hii, Adeline akamwambia mdogo wake. Ile nyeupe.

Hakuuliza kama kuna mtu hakubali. Alimimina kahawa iliyobaki kwenye vikopo vya wote watatu, akamaliza sufuria, kisha akaketi kwenye benchi lake katikati yao, mahali ambapo hakuwahi kuketi.

— Basi nani ataanza kuirusha? aliuliza Ingénieur. Miye ninaweza kujaribisha batri kwanza.

— Ni Prince njo ataanza, alisema Plamedie. Miye nitamuonyesha kifungo. Papa Aéroport ataangalia upande ya njia, pikipiki zisitukanyage. Muzee, weye utasimama kule nyuma yetu.

Fréquence, ambaye neno hilo alilisikia vizuri sana, aliweka kikopo chini, akainuka, akaenda kusimama karibu na ua wa miti.

— Hapa?

Plamedie alimpima kwa jicho moja.

— Songa tena, Muzee. Hapo bawa itakupiga.