Bi. Sietske Wiarda, Miaka Thelathini na Minne Nyuma ya Jukwaa

Jumapili, tarehe 18 Mei 2025, baada ya onyesho la mwisho la tamasha letu la muziki la machipuko hapa mjini Dokkum, Bi. Sietske Wiarda atakabidhi funguo za kanisa tunamofanyia maonyesho na kustaafu, akiwa ametutumikia kwa miaka thelathini na minne. Mwezi Februari kamati ilitaka kutangaza nafasi yake, ikakaa saa nzima bila kujua iitwe nini. Mweka hazina alisema Bi. Sietske ni msimamizi wa jukwaa. Mwenyekiti siku zote alidhani ni mpishi. Tulipomwuliza mwenyewe, alijibu, "Andikeni tu mtu wa viti." Mwishowe tumeajiri watu watatu.

Kweli alianza na viti. Mwaka 1991 alikuwa mwalimu wa hesabu, akaingia kanisani kufuata mwavuli aliousahau, akakuta wapiga fidla wanne wakizunguka viti vitatu. Alileta cha nne na hakuondoka tena.

Lazima nieleze ya mwaka 2006, maana kosa lilikuwa langu na yeye hajamwambia mtu. Tulialika wapigaji watatu, wa piano, wa fidla na wa selo, ile fidla kubwa ya kusimamishwa sakafuni, wapige utungo mmoja. Mtunzi wake ana tungo mbili za namna hiyo. Mimi, katibu, nilimwandikia wa piano ajiandae na wa kwanza, na wenzake nikawaandikia wa pili. Dhoruba ilikwamisha treni, mazoezi yakafutwa, wakafika saa nane na nusu kwa onyesho la saa tisa alasiri.

Bi. Sietske ndiye aliyepanga karatasi zao za muziki.

"Douwe," aliniita kando, "hawa wanapiga nini?"

"Utungo wa pili."

"Karatasi za piano zinasema wa kwanza."

Nilizisoma mara tatu na bado sikuelewa. Wa piano alidhani wenzake wanamtania. "Mimi nimehangaika na huu tangu Desemba," alisema. "Nani alituandikia?"

Nilifungua mdomo, Bi. Sietske akaniwahi. "Barua zimechanganyika, hayo tutayaongea baadaye. Ninyi wawili, mmewahi kupiga huu wa kwanza?"

"Miaka tisa iliyopita," alisema wa selo, bila furaha.

Bi. Sietske alijitokeza mbele ya watu mia mbili na themanini. "Tuna wapigaji watatu na tungo mbili," aliwaambia. "Tupeni saa moja na nusu. Kahawa na keki ziko ng'ambo ya barabara." Kisha akachukua karatasi za piano, ambazo huwa na mistari ya ala zote, akapanda baiskeli hadi shuleni kwake kuzitolea nakala. Watu wote walirudi, isipokuwa mfugaji mmoja ambaye ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa.

Bi. Sietske alimfunulia kurasa wa fidla, mimi nikamfunulia wa selo. Nilifunua mbili kwa pamoja, na selo ikanyamaza kwa mistari mitatu. Hata hivyo, hadi leo watu hunisimamisha sokoni kulisifia onyesho lile. Sijui wanasifia nini hasa.

Jioni ile aliniambia neno moja tu: "Kuanzia mwakani barua zako nazisoma kabla hazijaenda." Amezisoma kila mwaka.

Alhamisi iliyopita tulimketisha safu ya pili, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikaa na mkoba magotini, hajui mikono aiweke wapi. Katikati ya muziki alininong'oneza, "Douwe, mbona leo fidla wameiweka kushoto?"

"Haijahamishwa. Wewe ulikuwa ukiiona kutoka nyuma."

"Miaka yote imekuwa kushoto?"

"Yote."

"Basi nyamaza nisikilize," alisema.

Ahsante, Bi. Sietske. Tunakuombea afya na machipuko mengi. Kiti kile cha safu ya pili ni chako kuanzia sasa, na mwakani usije mapema kukipanga.

Douwe Reitsma, Katibu